CT Aliyejumlisha

Kuna watu unaowachukia, kisha miaka inapita na chuki yenyewe inachoka. Yule CT sikumchukia. Nilimdharau, na dharau haichoki. Nimetembea nayo muda wote huu hapa Bukavu, nikipanda na kushuka milima ya mji na kipimo changu begani, na kila ninapokaribia kumsahau, pembetatu fulani inanikumbusha.

CT ni kifupi cha Chef de Travaux. Katika vyuo vyetu hicho ni cheo cha mtu aliyempita assistant lakini hajawa profesa, mtu anayesubiri udaktari wake. Yeye aliusubiri mpaka vijana aliowafundisha wakaenda kuuchukua, wakarudi nao, wakawa wakubwa wake, na bado anasubiri. Lakini hicho cheo chake kidogo alikivaa kama askofu anavyovaa kofia. Ukimwita mwalimu alikusahihisha pale pale. "Mwalimu iko wa primaire," alisema. "Miye niko CT." Ukimwita papa, kama tunavyomwita kila mwanamume mzima hapa kwetu, hakuitika kabisa, aliendelea kutazama mbele kana kwamba umeongea na ukuta. Mama aliyeuza chai na chapati langoni mwa chuo alilijua hilo. Alimwita CT kila alipommiminia kikombe, na nadhani ndiyo maana yule bwana hakunywa chai ya mtu mwingine.

Nilimkuta mwaka ule wa maandalizi, ambao sisi tunauita prépa. Nilikuwa mama wa watoto wawili, na diploma yangu ya sekondari ilikuwa ya coupe-couture, yaani nilijua kukata gauni likamkaa mtu, basi. Lakini nilikuwa nimeajiriwa na géomètre mmoja karibu na Nyawera, mpima viwanja, nikimshikia fimbo ya kupimia. Yeye anatazama kwenye chombo chini ya mwavuli, mimi nimesimama juani katika miiba ya watu nikishika fimbo wima. Siku moja nikajiuliza ni nani aliyeandika kwamba mimi ndiye wa fimbo. Nikaenda chuoni. Wakaniambia sawa, ukitaka topografia karibu, ila wewe wa cherehani pita kwanza prépa, usome aljebra na trigonometria ya mwanzo, na usiposhinda hesabu mlango umefungwa. Hesabu ilikuwa ya CT peke yake. Basi maisha yangu yote ya mbele yalipitia mlango mmoja, na aliyeketi mlangoni ndiye huyo.

Wengi darasani tulikuwa watu wazima. Kulikuwa na muuguzi, na mlinzi wa benki aliyekuja na sare yake, na mwanamume mmoja mwenye mvi za kwanza kutoka Sange, kule tambarare ya Ruzizi, katika njia ya kwenda Uvira. Huyo alikuwa kiongozi wa kwaya na mkulima wa mpunga. Alitaka topografia kwa sababu kijijini kwao mifereji ya maji ya mpunga inachimbwa kwa kubahatisha, na kila msimu watu wanapigania maji yaliyokataa kwenda walikotaka yaende. Tulimwita Papa Sange, naye hakuona ubaya kuitwa papa.

Sasa nieleze jinsi CT alivyofundisha, kama neno kufundisha linafaa. Alivaa suti za rangi ya maziwa, zilizopigwa pasi mpaka mkunjo wa suruali ungeweza kukata mkate. Kwa hiyo hakugusa chaki. Chaki inachafua. Aliingia, akafuta kiti kwa leso, akaketi, akaweka mguu juu ya mguu, akafumba macho, akaanza kuamuru. Sisi tuliandika. Historia unaweza kuiamuru hivyo, hata dini. Yeye aliamuru aljebra kwa mdomo: fungua mabano, x carré, yaani x mara x, toa tano x, funga mabano. Ukipitwa na bano moja, umepitwa na maisha. Jirani yako ana mlinganyo wake, wewe una wako, na kila mmoja anatafuta x tofauti kwa bidii kubwa. Muuguzi alimwomba siku moja aandike ubaoni mstari mmoja tu. Akajibu bila kufungua macho, "Ubao iko ya bale habasikie," yaani ni wa viziwi.

Hakuwa na karatasi hata moja, na hilo lilikuwa fahari yake kuu. Hakuwa na kitabu, wala daftari, wala kipande cha kumkumbusha. Aligusa paji la uso kwa kidole na kusema, "Cours iko humu. Mwenye karatasi iko na uwoga." Na kila sentensi ilipoisha alisema maneno yale yale ya imla, "Point, à la ligne," yaani weka nukta, nenda mstari mpya. Aliyazoea mpaka akayatumia kufungia mazungumzo yoyote. Ukimwomba ruhusa ya kwenda kuzika, alisema, "Hapana. Point, à la ligne." Ukimsalimia asubuhi na kumuuliza habari za nyumbani, alijibu nzuri, point, à la ligne, na hapo ujue umefukuzwa.

Nitasema mazuri yake, maana nisiposema mtadhani ninasingizia. Hakuuza pointi. Katika mji ambao kila mtu anajua ni mwalimu gani anayekula nini, yeye hakula kitu. Wasichana hakuwasumbua. Wengine walikuangusha ili urudi na bahasha, yeye alikuangusha bure. Hakukosa somo hata siku moja. Zile siku risasi zilipolia ng'ambo ya mji na watu wakajifungia ndani, yeye alishuka kwa miguu na suti yake, akafuta kiti, akawaamuria watu wanne waliothubutu kuja, na sisi wengine akatuandika kuwa hatukuwapo. Msibani alikuwa wa kwanza kufika na wa mwisho kuondoka. Baba yangu alipofariki alikuja, akabeba jeneza kwenye ule mteremko wa matope mpaka viatu vyake vikaharibika. Niliguswa siku ile, sikatai. Wiki iliyofuata aliniondolea pointi kwa kutokuwapo darasani siku ya mazishi ambayo yeye mwenyewe alibeba jeneza. Nilipomkumbusha, alinitazama kama mtu asiyeelewa uhusiano ni upi.

Methali yake aliyoipenda ilikuwa "asiyesikia la mkuu huvunjika guu", na mkuu alijua ni nani. Nyingine alijitungia. "Point haipewe, inakamatwa." "X haina baba." Hiyo ya x sikuielewa wakati ule na sasa ndiyo kabisa.

Kilichonikera mapema, kabla ya yale makubwa, ni dirisha. Darasa letu lilikuwa na dirisha refu linalotazama mji. Bukavu nzima ni mteremko. Nyumba zimepandiana migongoni, mvua ikinyesha udongo unashuka na ukuta wa mtu, korongo linafunguka katikati ya kiwanja ambacho jana kilikuwa na maharage. Kama kuna mji duniani unaohitaji trigonometria, ni wetu. Yeye aliligeuzia dirisha mgongo na kutupa mazoezi ya mnara wa taa wa baharini na kivuli cha mnara wa Ulaya. Mlinzi wa benki, mtu mpole, alinyoosha mkono. "CT, pale kwetu Kadutu kuna ukuta uko unalala. Hii tangente inaweza nionesha mulima iko na pembe gani?"

CT alitabasamu na macho yake yamefumbwa. "Kadutu haiko kwenye programu."

Watu walicheka. Hata mlinzi alicheka kidogo, kwa adabu. Mimi nilimtazama yule bwana mwenye mkunjo wa suruali nikawaza kwamba hajawahi kuona pembe yoyote isiyokuwa ya kuambiwa.

Yale makubwa yalikuja na formule ya pembetatu. Nitaieleza kwa wepesi, kila mtu ataielewa. Una pembetatu. Unajua urefu wa pande mbili na pembe iliyo katikati yao, unataka upande wa tatu usioweza kuufikia, labda kuna mto au shimo. Unazidisha kila upande kwa wenyewe, unajumlisha, kisha, kabla ya kutafuta kipeuo cha pili, unatoa kiasi fulani kinachotokana na ile pembe. Unatoa. Dunia nzima inatoa. CT alijumlisha. Aliamuru kwa sauti ile ile ya kulala, "plus deux ab cosinus," plus, yaani ongeza, na darasa zima likaandika.

Papa Sange alikuwa na binti anayesoma sekondari, upande wa sayansi, na kitabu cha binti kilikuwa ndani ya mfuko wake. Akainua mkono.

"CT, pardon. Kitabu ya mutoto wangu inasema moins."

"Mutoto wako iko na grade gani?"

"Iko quatrième scientifique."

"Donc iko chini yangu."

Tukacheka tena. Tulikuwa watu wa kucheka, hiyo ndiyo njia ya kukaa salama darasani. Muuguzi alitafuta kwenye simu yake, akapata moins, akamwonyesha jirani, jirani akaonyesha jirani, mpaka darasa zima likawa linajua. Akathubutu kusema kwamba hata mtandaoni ni kutoa. "Telefone yako," CT akasema, "ndiyo itasahihisha copie yako ya mtihani?" Hapo muuguzi akaizima.

Papa Sange hakuzima. Somo lililofuata alikuja na njiti tatu za kiberiti, akaenda mbele, akazipanga pembetatu juu ya meza ya CT, pale pale karibu na mkono wa suti ya maziwa. "CT, njiti zote ziko sawa. Pembe zote ziko sawa. Nikifanya na plus, ya tatu inatoka refu kupita zingine. Lakini haiko refu. Iko hapa, angalia."

Ilimbidi CT afungue macho. Alizitazama zile njiti, nasema alizitazama, nilikuwa mstari wa kwanza. Kisha akazifagia kwa leso zikaanguka chini. "Hapa tunafanya mathématique," alisema, "hatuwashe moto. Kaa. Point, à la ligne."

Tangu hapo sisi wa prépa tulikuwa na formule mbili, ya kozi na ya kazi. Wanafunzi wa miaka iliyotutangulia walituambia mambo ni hivyo tangu zamani, tusijichoshe. Kwenye mtihani andika ya kozi, ukiingia kazini andika ya kazi, na Mungu anajua. Walilisema kama mtu anavyokuonyesha shimo barabarani, kwamba lipo hapo, lizunguke tu.

Mimi sikulizunguka mara ya kwanza. Nilidhani mtu anaweza kupotea mdomoni lakini akiwa peke yake na karatasi zetu na wino wake mwekundu, ukweli utamshinda. Swali la pembetatu ndilo lililobeba mtihani. Mimi niliandika kutoa, Papa Sange aliandika kutoa, na wote wawili tukapata sufuri palepale, na kando yake kwa wino mwekundu mwandiko mzuri kabisa: haiendani na kozi. Nilimfuata kwenye ubao wa matokeo.

"Haukusoma cours yangu," alisema.

"Nilisoma, CT. Nilisoma na ile ya kweli."

"Ya kweli iko ile niliamuru." Na akamalizia na nukta yake na mstari wake mpya.

Ilibaki session ya pili, nafasi ya mwisho ya mwaka. Usipopita hapo umetoka, na sheria ya chuo chetu haikuruhusu mtu kurudia prépa zaidi ya mara moja. Papa Sange alikuwa tayari anarudia, maana mwaka wa kwanza alianguka kabla kitabu cha binti hakijaingia mfukoni mwake. Tuliketi kwenye ngazi nje ya darasa, mimi na yeye, tukila ndizi.

"Maman, weye utaandika nini?" aliniuliza.

"Plus."

"Mm."

"Papa, andika plus, tutoke hapa. Ukiisha kuingia topo, plus ya CT itakufuata wapi?"

Alichukua muda kumenya ndizi ya pili. "Miye nafundisha kwaya," alisema. "Mutu akiimba mubaya, nikimuacha sababu iko mukubwa, kesho kwaya yote inaimba mubaya. Siwezi kuandika ile kitu nikiwa najua."

Nikamwambia kwaya haipo kwenye jury ya mitihani. Akasema anajua. Mimi niliandika plus kwa mwandiko mkubwa, sikuona haya siku ile na sioni leo, nikapita, nikaingia topografia. Yeye aliandika moins kwa mara ya mwisho. Alipanda gari la Uvira na begi lake na kitabu cha binti yake, akarudi kwenye mpunga, na mifereji ya Sange ikaendelea kuchimbwa kwa kubahatisha. Kila mwaka, sikukuu ikifika, ananipigia. Tunasalimiana, tunaulizana watoto, kisha kabla hajakata anauliza swali lile lile, kama bado ni kujumlisha tu: "CT iko naamuru paka plus?" Namjibu ndiyo, bado plus. Anasema bon, na anakata.

Ndiyo maana nasema namdharau. Ujinga unasameheka, wote tumezaliwa nao. Lakini yule alimtoa mtu njiani kwa sababu ya alama moja, halafu akaenda kunywa chai.

Miaka ikapita. Nikawa na chombo changu mwenyewe na mtu wa kunishikia fimbo, na huyo ninamnunulia mwavuli. Mwaka huu, kiangazi, nilipigiwa simu kwenda kupima kiwanja upande wa juu wa Panzi kilichokuwa na ugomvi wa mpaka. Nilifika nikakuta suti ya rangi ya maziwa, imechakaa kwenye viwiko, mkunjo bado ni ule ule.

Alinijua. "Ah," alisema, "weye wa coupe-couture."

Kiwanja chake ni pembetatu. Pembe moja iko barabarani, pande mbili zinashuka mpaka kwenye korongo la mvua, na upande wa tatu, wa nyuma, unapita juu ya korongo lenyewe, kutoka jiwe moja la mpaka hadi lingine. Huko mita ya mkono haipiti. Jirani yake, mwanamume mwenye duka la misumari, alidai kwamba CT amelisogeza jiwe moja la huko chini na kuingia upande wake yeye jirani. Karatasi ya kiwanja inasema upande wa nyuma ni mita ishirini na sita na kitu. Zile pande mbili tulizipima mbele ya wote zikalingana na karatasi, basi ugomvi wote ukabaki hapo nyuma. Chombo changu kinaweza kutoa jibu chenyewe, lakini jirani alikataa. "Machine iko ya ule mwenye kuilipa," alisema. "Maman, hesabu kwa mukono, batu baone."

Sawa. Nikasimama barabarani, nikapima pembe, nikamwonyesha jirani aisome mwenyewe, nikaweka karatasi juu ya boneti ya gari. Majirani walikuwa wamejaa. Mke wa CT, mama mnene mwenye furaha, alitoa kiti kwa ajili ya mumewe, naye akakifuta kwa leso, akaketi. Niliandika pande mbili, nikazizidisha, nikajumlisha, nikafika pale. Nikasimamisha kalamu.

Nilikuwa nimekwisha kupiga hesabu kichwani kwa njia zote mbili. Kwa kutoa, inatoka ishirini na sita na kitu, kama karatasi, na CT hana kosa. Kwa kujumlisha inapita arobaini, na CT ni mwizi wa kiwanja mbele ya mtaa mzima. Sikuwa na nia ya kuandika uongo katika kazi yangu, lakini nilitaka kulisikia neno hilo la kutoa likitoka kinywani mwake.

"CT," nikasema, "hapa nifanye vile ulitufundisha?"

Mkewe ndiye aliyejibu, kwa fahari, akiwageukia majirani. "Si afanye vile alimufundisha? Huyu iko mwanafunzi yake. Bote ba géomètre ba huku iko banafunzi bake."

"Ndiyo," jirani wa misumari akasema. "Afanye ile ya CT. Miye nakubali."

CT alikuwa amefumba macho. Watu walingoja, na mimi nilingoja kuliko wote, na nakiri nilikuwa na raha.

"Hapana," alisema mwishowe, polepole. "Toa. Weka moins."

"Moins, CT?"

"Moins."

Nikaandika moins. Ikatoka ishirini na sita na kitu. Jirani alikagua, akakuna kichwa, akampa CT mkono, mkewe akaleta bia na soda, na watu wakasema huyu kweli ni mtu wa hesabu.

Alinisindikiza mpaka kwenye gari, jambo ambalo hakuwahi kumfanyia mtu. Nikamuuliza alijua tangu lini.

"Siku ile ya njiti," alisema. "Nilirudi nyumba, nikaweka njiti juu ya meza, nikahesabu. Ule muzee wa Sange alikuwa na haki."

"Na session ya pili ulimuangusha tena."

"Nilikuwa nimeisha kuangusha bengi kabla yake. Nikibadilisha, bote batarudi. Kila mutu ataniomba mwaka yake. Nitaitoa wapi?" Alitazama viatu vyake. Alikuwa amezeeka, na kwa mara ya kwanza niliona mtu ndani ya ile suti, mtu mwoga. Mwenye karatasi iko na uwoga, alikuwa akituambia, na yeye asiye na karatasi alikuwa amebeba uoga wake kichwani miaka yote hiyo. Dharau yangu haikupungua. Ila ilipata mahali pa kukaa.

"Papa," nikamwambia, na aliitika, "binti ya dada yangu iko prépa kwako mwaka huu. Anaitwa Furaha. Pembetatu hamujafika?"

"Lundi."

"Utasema nini lundi?"

"Nitasema moins," alisema. "Nakuahidi. Nitasema na juu ya ule muzee. Hata jina yake nitasema."

Nilimpigia Papa Sange jioni ile ile, sikungoja sikukuu. Nikamweleza yote, jirani, jiwe, mke na fahari yake, moins, Furaha na ahadi ya Jumatatu. Akasema ameshakuwa babu lakini miguu bado ipo. Kama CT atasema moins mbele ya watu na kutaja jina lake, yeye atapanda gari, aje mbele ya wakubwa wa chuo na hilo neno, awaombe mwaka wake, aanze upya, hata akae na watoto. "Lundi usinipigie nyuma, wakati mambo imeisha," alisema. "Acha telefone wazi, nisikie mutoto akisema mwenyewe."

Jumatatu Furaha alirudi saa nane. Simu ilikuwa mezani, spika imefunguliwa, Papa Sange yuko ng'ambo, nilikuwa nikisikia maji na sauti za watu mashambani. Nikamwambia Furaha aketi na aeleze kama ilivyokuwa, asipunguze.

Alisema CT aliingia, akafuta kiti, akaketi, akafumba macho. Aliamuru vizuri mpaka kwenye formule ya pembetatu, a carré, plus b carré, halafu akakaa kimya. Darasa lilidhani amelala. Akafungua macho, jambo ambalo Furaha hakuwahi kuliona, akageuka akatazama dirishani, kisha akatazama viti vya nyuma. Nyuma walikuwepo wawili wanaorudia, aliowaangusha mwaka jana kwa ajili ya pembetatu. Mmoja wao alikuwa amekwisha kuinua kalamu na kumkazia macho.

"Alibatazama sana," Furaha alisema. "Kisha akafunga macho tena."

"Akasema nini?"

"Alisema plus. Deux ab cosinus. Point, à la ligne."

Simuni maji yaliendelea kupita. Kisha sauti ya Papa Sange ikaja ya kawaida kabisa, sauti ya mtu anayeaga baada ya misa.

"Aksanti, maman," alisema. "Na miye nilikuwa nimeisha kufua shati."